Howard Temin, aliyeeleza kwa nini VVU havitoki mwilini

Kama unatumia ARV, au unampa mwanao, huenda umewahi kujiuliza: kipimo kinaonyesha virusi havionekani tena kwenye damu, kwa nini basi daktari anasisitiza usiache dawa? Jibu lilianza kutafutwa zaidi ya miaka 20 kabla VVU havijajulikana, na aliyelitafuta alikuwa akichunguza saratani ya kuku.

Howard Temin alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1934. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu California, chini ya Renato Dulbecco, alivutiwa na kirusi kinachowaletea kuku uvimbe wa saratani. Mwaka 1960 alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akapewa maabara kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo.

Mwili wako huhifadhi maelekezo yake kwenye vinasaba, yaani DNA. Seli ikitaka kutengeneza protini, hunakili sehemu ya maelekezo hayo kwenye RNA, kama fundi cherehani anayetoa vipimo vyako kwenye daftari na kuviandika kwenye kikaratasi cha kazi. Wanasayansi wa wakati ule waliamini kwamba safari ni ya upande mmoja tu, kutoka daftari kwenda kikaratasi. Kirusi cha kuku kilikuwa na RNA peke yake, kikaratasi bila daftari. Hata hivyo Temin aliona kwamba seli ikishaambukizwa hubadilika, na seli zinazozaliwa nayo hurithi mabadiliko hayo. Mwaka 1964 akatoa hoja kwamba kirusi hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha hujiandika ndani ya daftari la seli.

Wenzake wengi hawakumwamini, na kwa miaka sita alibaki karibu peke yake na hoja yake. Kusema kweli, ushahidi aliokuwa nao bado ulikuwa mwembamba.

Mwaka 1970, yeye na Satoshi Mizutani walikipata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ndani ya kirusi chenyewe. David Baltimore naye alikuwa amekipata katika maabara yake, na taarifa zao zikatoka pamoja kwenye jarida la Nature. Mwaka 1975 Temin, Baltimore na Dulbecco walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa rudi kwenye kopo lako la dawa. VVU ni virusi vya aina hiyohiyo, na vilipogunduliwa mwaka 1983, kimeng'enya hiki ndicho kilichowaonyesha watafiti wanashughulika na nini. AZT, dawa ya kwanza, iliyoidhinishwa mwaka 1987, ilikizuia. Tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye kidonge chako hukizuia. Nevirapine ya maji anayopewa mtoto mchanga wa mama mwenye VVU nayo hukizuia.

Lakini dawa huzuia maandishi mapya; haifuti yaliyokwisha kuandikwa. Zipo seli chache zilizolala, zikiwa na VVU ndani ya DNA yake, na kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu hakizioni. Ukiacha dawa huamka, na kwa kawaida ndani ya wiki chache virusi hujaa tena, kwako au kwa mwanao. Kama vidonge vinakuchosha au vinakusumbua, mweleze daktari kabla hujaruka hata siku moja.

Temin hakuvuta sigara maishani mwake. Huko Stockholm, alipokwenda kupokea tuzo, aliitumia nafasi hiyo kuzungumza dhidi ya uvutaji, na alirudi nyumbani akaendelea kuupinga. Miaka ya mwisho alijishughulisha pia na utafiti wa Ukimwi. Alifariki Februari 9, 1994, akiwa na miaka 59, kwa saratani ya mapafu. Njia ya kandokando ya ziwa pale chuoni Madison imepewa jina lake.