Al-Khwarizmi, Mwenye Aljebra

Ndugu msomaji, hiyo aljebra inayokutoa jasho darasani ina mwenyewe: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Kitabu chake cha al-jabr hakina x wala y, ni maneno matupu, na sehemu kubwa ni hesabu za wasia na mirathi. Faradhi hizi hizi za madrasa!

Swali lake mashuhuri: namba gani ukiizidisha kwa yenyewe, ukaongeza mara kumi yake, wapata 39? Alichukua nusu ya kumi, 5; akaizidisha kwa yenyewe, 25; akajumlisha 39, ikawa 64. Kipeuo chake 8, toa 5, jibu 3. Alifariki karibu mwaka 850. Haya, sasa weka 56 pahali pa 39, na kikokotoo kiweke kando.