Alan Turing: Fikira Iliyomjia Baada ya Mbio

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, wakimkusudia azururaye bila ya haja. Miguu ya Alan Turing haikuliwa bure.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Mwezi wa Mei, 1926, akiwa na miaka 13, shule zilifunguliwa siku za mgomo mkuu na treni zikasimama. Turing alipanda baiskeli toka bandari ya Southampton, akalala njiani usiku mmoja, na kesho yake akafika shuleni kwake Sherborne, mwendo wa karibu kilomita 100.

Mwaka 1931 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati. Mwaka 1935, katika mihadhara ya mwalimu wake Max Newman, alikumbana na swali lililowashinda wakubwa: je, iko njia moja iwezayo kuamua, hatua kwa hatua, kama kauli yoyote ya hisabati yathibitika? Njia za namna hiyo huitwa algoriti, jina litokanalo na bingwa wa Baghdad, Al-Khwarizmi.

Jibu hakulipatia mezani. Mwanzoni mwa majira ya joto mwaka huo alitoka mbio, kisha akajilaza majanini huko Grantchester. Hapo ndipo lilipomjia wazo la mashine ya kubuni, isomayo alama moja moja katika utepe. Kwa wazo hilo alithibitisha kuwa njia hiyo haipo, na elimu ya kompyuta ikapata msingi. Lakini alikaa kitako miezi mingi kuliandika, hata likachapishwa mwaka 1936.

Mbio hakuziacha. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Alifariki mwaka 1954, akiwa na miaka 41.

Miaka 60 baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu, wengi wao wanafunzi. Waliotembea walitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi ya waliokaa. Penye swali la jibu moja tu, kutembea hakukuwafaa.

Basi mzazi, umwonapo mwanao wa chuo amefunga kitabu baada ya Alasiri akashika njia ya ufuoni, usimkemee. Mwache aende, muradi arudi kitabuni.