Jaji Mansfield na Mtumwa Somerset

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Usemi huo watukumbusha maisha ya William Murray, Mskoti aliyekuja kuitwa Lord Mansfield.

Alizaliwa mwaka 1705 huko Scone, Uskoti, katika ukoo wa makabaila, akasomeshwa Uingereza. Mwaka 1730 alikubaliwa kuwa wakili, na mwaka 1756 akawa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme mjini London, kiti alichokikalia miaka 32. Wafanyabiashara walimsifu sana, maana ndiye aliyezinyosha sheria za bima na hundi.

Lakini sisi twamkumbuka kwa kesi ya mwaka 1772. James Somerset, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, alimtoroka bwana wake. Akakamatwa, akatiwa minyororo katika meli ili akauzwe Jamaica. Jaji alijua kwamba mali nyingi ya matajiri yategemea jibu lake, akawasihi wapatane. Walipokataa, alihukumu kwamba utumwa ni uovu usioweza kusimama ila kwa sheria iliyotungwa waziwazi, na sheria hiyo Uingereza haikuwapo. Somerset akaachiliwa.

Hata hivyo hatutaki kumvika kilemba cha ukoka. Hukumu ile ilizuia tu mtumwa asitolewe nchini kwa nguvu. Biashara ya watumwa iliendelea mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni haikupitishwa hadi mwaka 1833. Tena mwaka 1783 ililetwa mbele yake kesi ya meli Zong, ambayo mabaharia wake walikuwa wamewatosa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai bima. Aliamuru kesi isikilizwe upya. Lakini ilikuwa kesi ya mali, wala si ya mauaji.

Nyumbani kwake Kenwood alimlea Dido Elizabeth Belle, binti wa mpwa wake aliyezaliwa na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika. Jaji alifariki mwezi Machi 1793. Wasia wake ulipofunguliwa, ilionekana amethibitisha kwa maandishi kwamba Dido ni huru.

Hapo ndipo tunapopata fundisho. Mwenye kutoa hukumu ile mashuhuri hakuiamini kuwa ngao ya kutosha kwa mtoto wa nyumbani mwake. Haki ya nusu, hata aliyeitoa huiogopea.