Walt Disney na foleni ambayo leo inauzwa

Ukienda kwenye maonyesho ya kilimo, yawe ya Meru au ya Embu, utapata ng'ombe wa gredi, matrekta na vibanda vya mbegu. Lakini watoto hawajaja kuona ng'ombe. Wamekuja kupanda bembea ile ya kuzunguka. Wanapiga laini juani, sarafu mkononi, wakihesabu waliobaki mbele yao. Halafu anatokea mzazi mmoja, anamnong'onezea kijana wa bembea, anampa noti kando, na mtoto wake anapandishwa kwanza. Hakuna anayesema kitu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza anakuwa wa pili, na somo limeshaingia: mkono mtupu haulambwi.

Sisi hapa hiyo tunaiita kitu kidogo. Kule Marekani, kwenye bustani za burudani zenye jina la Walt Disney, jambo hilo hilo lina bei rasmi, lina risiti na unalilipia kwa simu. Mwaka 2024 ilianzishwa huduma ambayo, siku zenye watu wengi kule Florida, mtu mmoja alitozwa hadi dola 449 ili apite njia ya mkato mara moja kwa kila mchezo mkubwa. Hizo ni takriban Sh58,000, na tiketi ya kuingia getini hujalipa bado.

Walt mwenyewe alifariki 1966, kwa hivyo hayuko wa kuulizwa. Lakini ukifuata maisha yake utagundua kwamba swali la nani aingie na nani abaki nje lilimwandama tangu akiwa mtoto.

Kijana wa magazeti

Walter Elias Disney alizaliwa mjini Chicago mnamo Desemba 5, 1901, mwana wa nne wa Elias na Flora Disney. Akiwa bado mdogo, familia ilihamia shambani Marceline, jimbo la Missouri. Shamba liliwashinda, na kufikia 1911 walikuwa wamehamia jiji la Kansas City.

Huko baba yake alinunua haki ya kusambaza magazeti mtaani, kazi ikawaangukia Walt na kaka yake Roy. Walitoka nyumbani kabla ya kupambazuka, iwe mvua, iwe theluji. Kisha Walt alienda shule na kusinzia darasani. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka sita. Mshahara je? Mzee Elias hakumlipa, kwa kuwa aliona chakula na mahali pa kulala vinamtosha. Kama ulilelewa kwenye kahawa ya Runyenjes au majani chai ya Imenti, ukaamshwa uchume kwanza ndipo uende shule, huhitaji kuelezwa zaidi.

Katika mizunguko hiyo ya alfajiri, Walt alikuta vitu vya kuchezea ambavyo watoto wa matajiri walivisahau barazani. Alicheza navyo dakika chache gizani, akavirudisha palepale, akaendelea na magazeti yake. Jijini humo kulikuwa pia na bustani ya burudani iliyoitwa Fairmount. Yeye na dada yake mdogo, Ruth, waliitazama kutoka nje ya ua. Pesa za kuingia hazikuwapo.

Kuanguka na kuinuka

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikiisha 1918, Walt alighushi tarehe yake ya kuzaliwa ili akubaliwe kuendesha ambulansi za Msalaba Mwekundu. Alipofika Ufaransa, mapigano yalikuwa yamekoma. Aliporudi alianza kuchora katuni kwa pesa, akafungua kampuni yake Kansas City, na 1923 ikafilisika.

Akapanda treni hadi Hollywood akiwa na dola 40 hivi mfukoni. Oktoba mwaka huo, yeye na Roy walianzisha studio yao. Roy alikuwa mtu wa hesabu, Walt mtu wa ndoto, na kwa maisha yao yote mmoja alikuwa akitafuta pesa za kulipia mawazo ya mwingine.

Mwaka 1928 Walt alipokonywa mhusika aliyempa jina, sungura Oswald. Kumbe mkataba aliotia saini ulimpa mwingine haki zote. Vijana mnaouza muziki na video zenu mitandaoni, hapo pasomeni mara mbili. Alichukua penseli upya pamoja na rafiki yake Ub Iwerks, na Novemba mwaka huohuo Mickey Mouse akaonyeshwa katika filamu yenye sauti. Tangu hapo Walt alihakikisha alichokibuni ni chake.

Desemba 1937 alitoa filamu ndefu ya katuni ya Snow White. Wengi wa Hollywood walikuwa wamemcheka, wakiamini hakuna mtu mzima atakayekaa zaidi ya saa nzima akitazama michoro. Filamu ilijaza kumbi za sinema, na faida yake ikajenga studio mpya kubwa mjini Burbank.

Mlango wa wakubwa

Hapo Burbank ndipo upande mwingine wa Walt ulipojitokeza. Studio ilikuwa na klabu ya ghorofani yenye mkahawa na chumba cha mazoezi, ila ilikuwa ya waliolipwa vizuri tu. Wachoraji wa ngazi ya chini, baadhi yao wakipata mishahara midogo sana, walijua mlango huo si wao. Yule mtoto aliyechungulia Fairmount kutoka nje sasa alikuwa na ua wake mwenyewe.

Mei 1941 mamia ya wafanyakazi waligoma. Walitaka chama chao kitambuliwe na mishahara ipangwe kwa haki. Walt aliuchukulia mgomo huo kama usaliti wa watu aliowaona kama familia. Alishindwa, chama kikatambuliwa, lakini uchungu haukumtoka. Tusimpambe basi. Mtu huyu aliwapenda watu kwa dhati, na pia alijua kuwatenga kwa madaraja.

Benchi na karanga

Wazo la bustani yake, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na kukaa bure. Jumamosi aliwapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kwenye bembea ya farasi wa mbao katika bustani ya Griffith, Los Angeles. Watoto walizunguka, naye akaketi kwenye benchi akitafuna karanga. Akawaza: mbona hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja?

Roy hakutaka kusikia, na benki nazo zilisita. Walt alikopa kwa kuweka rehani bima yake ya maisha, akauza nyumba yake ya likizo, kisha akafanya mapatano na kituo cha runinga cha ABC. Alinunua ekari 160 hivi za mashamba ya michungwa mjini Anaheim, California. Ujenzi ulianza Julai 1954 na ukachukua mwaka mmoja tu. Gharama ilifika dola milioni 17.

Jumapili ya Julai 17, 1955, Disneyland ilifunguliwa kwa waalikwa pekee. Mambo yakaharibika kabisa. Waandaaji walitarajia nusu ya watu waliofika. Waliingia takriban 28,000, wengi wakiwa na tiketi za kughushi. Inasimuliwa kwamba kuna jamaa aliyeegemeza ngazi kwenye ua akawa anavusha watu kwa dola tano kila mmoja. Naam, biashara ya kuruka foleni ilianza siku ileile lango lilipofunguliwa, ila siku hiyo aliyeiendesha alikuwa tapeli.

Joto lilikuwa kali, lami mpya ikalainika, viatu vya akina mama vikanasa. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma siku zilizotangulia, na Walt alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mifereji ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo. Magazeti yalimshambulia. Hata hivyo, katika wiki saba za kwanza watu milioni moja walikuwa wameshaingia.

Kuponi za A hadi E

Wakati huo mtu mzima aliingia kwa dola moja, kisha akalipia kila mchezo senti chache. Baadaye mwaka huo kukaja vitabu vya kuponi vyenye herufi. Kuponi ya A ilikupeleka kwenye mchezo mdogo. Ya E, iliyoongezwa 1959, ilikufungulia ile mikubwa. Walt hakuwa mtoa sadaka, na michezo mizuri aliitoza zaidi.

Lakini angalia tofauti. Pesa zako ziliamua utapanda nini, hazikuamua utamtangulia nani. Mwenye kuponi ya E alisimama nyuma ya mwenye kuponi ya E mwenzake, awe daktari au dereva wa lori. Walt aliwataka hata wakuu wa bustani wale humo humo na wapange foleni na wageni, ili waonje wanachoonja wateja. Yeye mwenyewe alizunguka akichunguza. Safari moja ya mashua iliyopaswa kuchukua dakika saba aliikuta ikikimbizwa kwa nne na ushee, akakasirika kweli. Kwake, kumpunguzia mgeni dakika alizolipia ulikuwa wizi.

Hata hivyo, mlango wa wakubwa haukumtoka akilini. Miaka yake ya mwisho alipanga klabu ya siri ndani ya Disneyland, ya kuwakaribisha wafadhili na watu mashuhuri. Hakuiona. Alifariki Desemba 15, 1966, kwa saratani ya mapafu, baada ya miaka mingi ya kuvuta sigara. Alikuwa na umri wa miaka 65. Klabu hiyo, Club 33, ilifunguliwa miezi michache baadaye. Roy aliahirisha kustaafu, akaikamilisha bustani ya Florida, akaifungua Oktoba 1971 na kuipa jina kamili la mdogo wake. Desemba mwaka huo naye akafariki.

Dakika ya nani?

Vitabu vya kuponi viliondolewa miaka ya 1980, tiketi moja ya getini ikatosha kila kitu, na foleni zikarefuka. Mwaka 1999 kampuni ilileta kadi ya kukuwekea nafasi: unapewa saa, unaenda kula, unarudi. Ilikuwa bure kwa kila aliyeingia. Mwaka 2021 huduma hiyo ya bure ilifutwa na njia ya haraka ikawekewa bei.

Wanaoitetea wana hoja. Familia imesafiri mbali, ina siku moja tu, na iko tayari kulipa. Pesa hizo zinaweza kujenga michezo mipya. Isitoshe, dakika ina bei kila mahali. Muulize mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua, ambaye mzigo wake usipofika Nairobi mapema unamfia mkononi.

Lakini pigia hesabu jambo moja. Chukua mchezo unaobeba watu 1,000 kwa saa. Ukitenga nafasi 600 kwa waliolipa zaidi, wale wengine wote wanagawana 400. Mtambo haujaongeza kasi hata kidogo. Dakika aliyookoa mmoja imekatwa kwa mwingine, na huyo mwingine hakuulizwa wala hakulipwa. Gari la miraa likiwahi Nairobi, halijamfanya mtu wa Embu achelewe. Hapa ndipo mfano wa miraa unapovunjika. Tena kuna mtego: kadiri laini ya kawaida inavyokuwa ndefu, ndivyo njia ya mkato inavyouzika. Mwenye bustani anapoteza sababu ya kuifupisha.

Walt angefanyaje? Huenda yule mwenye klabu ya ghorofani angeona ni biashara safi. Huenda yule aliyekasirikia dakika za mashua angetupa karatasi hiyo mezani. Maisha yake yanaunga mkono wote wawili, ndiyo maana hatuwezi kujificha nyuma ya jina lake. Uamuzi ni wetu.

Nasi tunao kila siku. Uko kwenye stendi ya Embu Desemba, abiria wamejaa na magari ni machache. Uko hospitalini, uko kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho, uko kwenye maonyesho na mtoto wa dada yako anataka bembea. Mfukoni una mia mbili ya ziada, na kijana wa bembea anakutazama. Kabla hujaitoa, geuka nyuma kidogo uone ni nani atakayekulipia. Pengine ni mtoto mwenye sarafu moja, ambaye ameamka mapema kuchuma kahawa ndipo akaruhusiwa kuja.