Percy Julian: Mjukuu wa mtumwa aliyegeuka gwiji wa kemia

PERCY Julian alizaliwa Aprili 11, 1899, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, Marekani. Babu yake aliwahi kuishi utumwani. Mji huo haukuwa na shule ya upili ya umma kwa watoto weusi. Elimu yao ilikomea darasa la nane.

Wazazi wake, baba aliyekuwa karani wa barua za reli na mama mwalimu, walikikataa kikomo hicho. Baada ya kusomea chuo cha kuwaandaa walimu weusi, Julian alijiunga na Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana, mwaka wa 1916. Kwa kuwa msingi wake ulikuwa haba, alilazimika kusoma masomo ya shule ya upili sambamba na yale ya chuo. Mnamo 1920 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Wazazi wakahamia huko ili ndugu zake nao wasome.

Vikwazo havikuisha. Harvard ilimtunuku shahada ya uzamili mwaka wa 1923, lakini ya uzamifu aliifuata ng'ambo, jijini Vienna, Austria, akaipata 1931.

Aliporejea DePauw, yeye na mwenzake Josef Pikl walifaulu mwaka wa 1935 kuunda maabarani fisostigimini, dawa ya ugonjwa wa macho wa glakoma, ambayo awali ilitokana na maharagwe ya Calabar ya Afrika Magharibi. Hata hivyo, alinyimwa uprofesa chuoni humo kwa sababu ya rangi yake.

Hasara ya chuo ikawa faida ya kiwanda. Mwaka wa 1936 kampuni ya Glidden, Chicago, ilimkabidhi maabara ya utafiti wa soya. Kutokana na mafuta ya soya alizalisha homoni kwa wingi, na mbinu zake zikachangia kushusha bei ya dawa za baridi yabisi.

Sifa hazikumkinga. Mwaka wa 1950 wahalifu walijaribu kuiteketeza nyumba aliyonunua Oak Park, mtaa wa wazungu. Mwaka uliofuata wakairushia baruti. Familia haikuhama.

Baadaye alianzisha kampuni yake na kuwaajiri wanakemia weusi waliofungiwa milango kwingineko. Mnamo 1973 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, mwanakemia mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Alifariki Aprili 19, 1975.

Maisha yake ni funzo kwa walimu na wazazi wa wanafunzi wa shule za upili. Anayeburura mkia katika sayansi huenda hakukosa kipaji, bali maabara, vitabu na mtu wa kumwamini.