WANGU WA MAKERI ALIKUWA NANI?

Msichana wa shule akijitokeza kugombea ukiranja, hakosi mvulana wa kumwita Wangu, na darasa zima likaangua kicheko. Basi nimeona heri niwasimulie habari za Wangu mwenyewe, maana wengi wetu tunamcheka mtu tusiyemjua.

Wangu alikuwa mke wa Makeri wa Mbogo huko Weithaga, Murang'a, enzi zile wazungu walipoiita Fort Hall. Chifu mkubwa wa sehemu hizo alikuwa Karuri wa Gakure, rafiki wa nyumba hiyo. Mnamo mwaka wa 1902 hivi, Karuri alimfanya Wangu mnyapara wa Weithaga. Jamani, hebu fikirieni! Baraza la wazee lilikuwa la wanaume watupu, na Ugikuyuni kote hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye cheo kama hicho chini ya Waingereza.

Kazi yenyewe si mchezo. Serikali ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka wa 1901, na kila nyumba ilihesabiwa, kwa hivyo mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Wanyapara ndio waliotumwa kukusanya. Inasimuliwa kwamba wanaume walioshindwa kulipa, Wangu aliwaamuru wainame chini kisha akawakalia mgongoni kama kiti. Hapo mimi simsifu hata kidogo. Kodi ile ilikuwa ya mkoloni, na aliyeumia ni mwananchi maskini. Lakini wanyapara wanaume nao walitesa watu kwa kodi hiyo hiyo. Mbona hao hatuwacheki?

Mwaka wa 1909 aliacha cheo. Kisa chake ni ngoma ya kibata, ambayo ilikuwa ya wanaume peke yao. Wangu aliingia uwanjani akacheza, na inasemekana vazi lake lilifunuka mbele ya watu. Wengine huongeza chumvi eti alivua makusudi. Kazi ya miaka saba ikasahauliwa, ngoma ya siku moja ikabaki midomoni.

Tena kuna wanaomchanganya na ile hekaya ya kale, kwamba wanawake waliwatawala Wagikuyu mpaka wakapinduliwa wote wakiwa waja wazito. Hiyo ni hadithi ya zamani za kale. Wangu ni mtu wa juzi, wa siku za kodi na rupia.

Mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya alikuwa Grace Onyango wa Kisumu, mwaka wa 1965. Wangu alikuwa ameondoka kazini miaka 56 kabla yake.