Siku sita za Kennedy kisiwani, na vijana wawili waliomwokoa

Kabla hajawa Rais wa Marekani, John F. Kennedy alikuwa luteni wa jeshi la majini mwenye miaka 26, amekwama kwenye kisiwa kidogo cha Pasifiki na wenzake 10. Chakula hakuna, maji hakuna, redio hakuna. Mbaya zaidi, kambini kwao walishahesabiwa kuwa wamekufa.

Mwenyewe wala hakupaswa kuwa pale. Mgongo ulimsumbua tangu ujana, na jeshi la nchi kavu lilimkataa. Baba yake, tajiri na balozi wa zamani mjini London, alitumia watu anaowajua hadi mwanawe akapokelewa jeshi la majini. Wengi hutafutiwa njia ya kukwepa vita. Yeye alitafutiwa ya kuingia.

Usiku wa kuamkia Agosti 2, 1943, boti yake PT-109 ilikuwa doria katika Visiwa vya Solomon, ikitembea taratibu kwa injini moja ili povu la nyuma lisionekane na ndege za Wajapani. Giza lilikuwa totoro. Ghafla manowari ya Kijapani, Amagiri, ikatokea na kuipasua boti vipande viwili. Petroli ikawaka juu ya maji.

Mabaharia wawili, Andrew Kirksey na Harold Marney, hawakuonekana tena. Wapo waliouliza baadaye boti ya mbao nyepesi na yenye kasi iligongwaje na meli kubwa vile. Swali lina haki yake. Lakini kilichofuata hakuna anayekibisha.

Manusura 11 walishikilia kipande cha boti kilichobaki kikielea hadi mchana. Hakuna aliyekuja. Kilipoanza kuzama, Kennedy akaamua waogelee hadi kisiwa kidogo, kwa sababu vile vikubwa vilikuwa na Wajapani. Wasiojua kuogelea vizuri walishikilia boriti moja na kusukumana. Fundi wa injini, Patrick McMahon, aliungua vibaya na hakuweza kuogelea. Kennedy aliubana mkanda wa jaketi la fundi huyo kwa meno, akamvuta kwa takriban saa nne, zaidi ya kilomita tano. Alikunywa maji ya chumvi hadi akatapika.

Usiku uleule, hajapumzika vya kutosha, akarudi majini peke yake na taa mkononi, akitumaini kuzisimamisha boti za wenzake zikipita. Hazikupita. Mkondo ukamzungusha usiku kucha, akarudi asubuhi akiwa hoi. Kesho yake akaenda mwenzake, George Ross. Naye akarudi hivyohivyo.

Njaa ikawahamisha hadi kisiwa cha Olasana, kwenye minazi. Fundi akavutwa tena kwa meno.

Kumbe si wote waliowakatia tamaa. Mlinzi wa pwani wa Kiaustralia, Reginald Evans, aliuona moto wa usiku ule akiwa mafichoni, akawatuma wenyeji kupeleleza. Vijana wawili wa hukohuko Solomon, Biuku Gasa na Eroni Kumana, ndio waliowakuta mabaharia wale. Mwanzoni kila upande uliudhania mwingine kuwa ni Wajapani.

Lugha haikupanda, karatasi haikuwepo. Gasa ndiye aliyetoa wazo: nazi. Kennedy akachonga ujumbe kwa kisu kwenye ganda lake, kwamba watu 11 wako hai, mwenyeji anajua walipo, na boti ndogo inatakiwa. Vijana wakapiga kasia kwa karibu kilomita 60, kwenye maji yenye doria za adui. Wangekamatwa na nazi ile, wasingepona.

Agosti 7, wenyeji walikuja na mtumbwi wenye chakula, wakamlaza Kennedy chini yake na kumfunika kwa makuti, wakampeleka kwa Evans. Alfajiri ya Agosti 8, boti ya Wamarekani ikawachukua wote 11.

Kennedy akapata medali. Mwandishi John Hersey akaandika kisa hicho mwaka 1944, na familia ikakisambaza alipogombea ubunge mwaka 1946. Alipoulizwa alivyokuwa shujaa, alikuwa akijibu kwa utani kwamba hakutaka, boti yake ndiyo ilizamishwa.

Ganda lile la nazi lilikaa mezani kwake Ikulu hadi alipouawa Dallas, Novemba 22, 1963. Sasa limehifadhiwa Boston.

Gasa na Kumana walialikwa kwenye kuapishwa kwake mwaka 1961. Inasimuliwa kwamba maofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza waliwazuia wasipande ndege. Wakabaki visiwani kwao. Gasa alifariki mwaka 2005, Kumana mwaka 2014.